Rangi Nyekundu juu ya Skrubu: Maisha ya Tata Ntambwe Godefroid (1961–2025)

Jumanne ya juma hili, tarehe 17 Juni 2025, saa nne asubuhi, pikipiki ilimshusha mpwa wa marehemu mbele ya parokia ya Tenke. Hakuwahi kuukanyaga mji huo, ingawa mama yake mzazi alizaliwa pale. Alikuwa ametoka Luanda siku ya Ijumaa, mara tu aliposikia mjomba wake amezidiwa. Akavuka mpaka Dilolo, akabadili gari mara nne na lugha mara tatu, akafika Kolwezi Jumatatu. Alichelewa kwa siku moja. Mjane, Mama Laurentine, hakumpa hata nafasi ya kulia vizuri. Alimwonyesha kitambulisho cha marehemu kilichosema amezaliwa mwaka 1963, na kadi ya kazi iliyosema 1959, akazirudisha zote mbili ndani ya bahasha.

"Kesho uende ku Tenke, uangalie mu kitabu cha bapadri," alimwambia. "Karatasi zote za bwana yangu zilisema uongo. Hii ya mwisho, ile utasoma mbele ya kaburi, isiseme uongo. Unasikia?"

Katibu wa parokia, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, aliuliza anatafutwa nani, na kama mtu huyo ni mzima. Alipoambiwa kuwa alifariki juzi, alivuta kiti.

"Kama alikufa, haiko na mbio. Ikaa."

Alifunua kurasa bila haraka. Kisha akaweka kidole.

"Huyu hapa. Tarehe tatu, mwezi wa tatu, sitini na moja. Mutoto ya Kitenge, ule mutu ya reli. Baba yake alikuwa najua treni kwa masikio. Ilikuwa ingali mbali, ye anasema: hii iko na ugonjwa ku gurudumu ya nyuma. Nayo inafika, inachechemea."

Basi na ijulikane hivyo. Tata Ntambwe Godefroid alizaliwa Tenke tarehe 3 Machi 1961, mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa Tata Kitenge Philippe, mgeuza njia za treni, na Mama Mwamba Mado. Wazazi wake walikuwa Wakatoliki waliotoka upande wa Manono kufuata kazi ya reli. Alibatizwa akiwa na siku kumi na tisa. Nyumba yao ilikuwa hatua arobaini kutoka relini, na wale waliokua naye wanasema alijifunza kusikiliza kabla ya kujifunza kusema.

Alisoma shule ya msingi ya parokia hapo Tenke kuanzia mwaka 1967 hadi 1973. Mwaka uliofuata alipelekwa Kolwezi kusoma ufundi wa mitambo, akalala kwa shangazi yake, akawa anarudi Tenke likizo kwa treni, akikaa karibu na kichwa cha treni ili asikie. Alikuwa amebakiza mwezi mmoja na nusu kufanya mtihani wa mwaka wa nne wakati vita vilipoingia Kolwezi, Mei 1978. Shule ilifungwa. Alirudi Tenke kwa miguu, siku nne, akifuata reli. Aliporudi tena mwaka uliofuata, daftari za alama hazikuonekana, na mwalimu aliyemjua hakuonekana pia. Diploma hakuipata. Katika maisha yake yote, kila alipoombwa diploma alijibu, "Iko inakuya," na akaendelea na kazi aliyokuwa nayo mkononi.

Tarehe 1 Februari 1982 aliajiriwa katika karakana ya bustani ya kampuni moja ya migodi hapa Kolwezi. Wengi wetu hatukujua kwamba migodi ina karakana ya bustani. Lakini nyumba za wahandisi zilikuwa na majani, na majani yalitakiwa yawe mafupi kama zulia. Kulikuwa na mashine za kusukuma, mashine za kufyekea zinazobebwa begani, na misumeno ya injini kwa ajili ya miti. Hizo zote ziliwekwa mikononi mwa kijana asiye na diploma, akazitunza kwa miaka thelathini na mitano chini ya waajiri watatu, wa mwisho akiwa mkandarasi wa bustani aliyechukua kazi hiyo mwaka 2008.

Kazi yake ilikuwa ndogo machoni na kubwa masikioni. Mashine zilikuja kutoka viwandani zimerekebishwa kwa hewa ya watu wengine. Hapa kwetu tuko juu, hewa ni nyepesi, na injini iliyotengenezwa karibu na bahari ikifika Kolwezi inakunywa petroli kupita kiasi, inatoa moshi mweusi, inakohoa. Tata Godefroid aliosha kwanza chujio la hewa. Akatazama plagi. Akamwaga petroli ya zamani, akatia mpya. Kisha aliwasha injini na kuiacha ipate moto kwa dakika tano kamili, na katika dakika hizo tano hakumjibu mtu yeyote, hata awe mkubwa wa kampuni. Baada ya hapo aliizima, akachukua bisibisi fupi, akafunga skrubu ya petroli polepole mpaka ikakaa bila kuibana, akairudisha mzunguko mmoja, akaiwasha tena, akaanza kutafuta: kidogo kushoto, kidogo kulia, mpaka injini iimbe juu kuliko pote, kisha akaifungua tena unywele mmoja ili isife kwa kiu.

Mwisho kabisa aliigeukia skrubu nyingine, ile ya ralanti. Ralanti ndiyo sauti ya injini ikiwa imewaka na mtu ameachia kishikio cha mafuta. Injini inapumua tu, haifanyi kazi. Hapo ndipo alipokuwa mkali. Mashine ya kufyekea, mtu akiachia mafuta, kisu chake kinapaswa kusimama kabisa. Skrubu ya ralanti ikikazwa kupita kiasi, kisu kinaendelea kuzunguka peke yake, na mtu ameshageuka kuongea na mwenzake. Tata Godefroid alishusha ralanti mpaka kisu kisimame, na injini isife. Kati ya mambo hayo mawili kuna nafasi nyembamba kama ukucha, na yeye aliishi ndani ya nafasi hiyo.

Alimwoa Mama Laurentine, mzaliwa wa Dilolo, tarehe 6 Agosti 1988. Mama Laurentine alikuwa akisuka nywele na kupaka watu rangi za kucha kwenye baraza ya nyumba yao, katika mtaa wa Manika. Mwezi wa pili wa ndoa, chupa ya rangi nyekundu ilipotea. Wa tatu, ikapotea nyingine. Mama akadhani ni mteja. Siku moja alimpelekea mumewe chakula karakanani, akamkuta ameinama juu ya mashine, ameshika kijiti chenye rangi ile, ulimi nje kama mtoto anayeandika. Alikuwa akichora mstari mwembamba uliopita juu ya kichwa cha skrubu na kuendelea kwenye chuma cha pembeni, ili skrubu ikiguswa hata kidogo mstari ukatike, naye ajue.

"Tata Godefroid! Bamama banangoja kucha, weye unapaka motere?"

"Ngojea kidogo."

"Kwani motere inaenda ku arusi?"

"Mama, sikia. Kucha ukikata, inaota tena. Muguu haioti."

Tangu siku hiyo Mama Laurentine alinunua chupa mbili kila mara. Majirani walimcheka: "Bwana yako anakushinda kupaka!" Naye aliwajibu kwamba mume anayemaliza rangi ya kucha ni bora kuliko yule anayemaliza chupa za aina nyingine. Ndoa hiyo ilibarikiwa na watoto watatu: Gracien mwaka 1990, Joyeuse mwaka 1993, na Abigaëlle mwaka 2001.

Sasa tunafika mahali ambapo wasifu nyingi hukohoa kidogo na kuruka mstari. Huu hautaruka.

Tarehe 11 Julai 2017, siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, katika bustani ya nyumba ya wageni, kisu cha mashine ya kufyekea kilimkata Tata Mechack, mfanyakazi wa bustani, mguu wa kushoto. Alikuwa ameachia mafuta, akaiweka mashine chini karibu na kiatu chake kama alivyozoea kwa miaka sita. Kisu hakikuwa kimesimama. Alipoteza nusu ya mguu.

Siku ya pili mkandarasi alitoa ripoti. Ilikuwa ya ukurasa mmoja na ilisainiwa na msimamizi, Tata Muteba. Ilisema: ajali imetokana na marekebisho mabaya ya mekaniki. Tata Godefroid aliitwa ofisini, akapewa kalamu. Waliokuwepo wanasema aliisoma mara mbili na kuuliza swali moja tu: "Muguu ya Mechack, mutaitunza mpaka mwisho?" Aliambiwa ndiyo, kwa kuwa kosa si la mfanyakazi mwenyewe, hospitali ya kazi itamhudumia mpaka apone. Akasaini.

Nyumbani aliosha mikono muda mrefu.

"Uliona ile mashini?" Mama Laurentine aliuliza.

"Niliona."

"Na rangi?"

"Ilikatika. Mutu alikaza visi ya ralanti nusu muzunguko."

"Sasa ulibaambia?"

"Hapana."

"Juu ya nini, tata ya Gracien? Juu ya nini?"

Alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Chakula iko?" akauliza. Mama aliweka chakula mezani. Swali lake lilibaki bila jibu kwa miaka minane, mezani, kitandani, kanisani.

Alifukuzwa kazi tarehe 31 Julai 2017. Pamoja na kazi aliondolewa kwenye daftari la hospitali ya kazi, ambako alikuwa akipewa kila mwezi vidonge vya shinikizo la damu. Aliweka meza yake kando ya barabara ya Manika, bisibisi mbili, kopo la petroli na chupa ya rangi nyekundu. Lakini habari ilimtangulia. Vijana waliopita na pikipiki walimpigia kelele, "Tata Kata-Muguu! Leo unakata ya nani?" Wenye bustani waliokuwa wakimpigania zamani walituma mashine zao kwingine. Waliobaki ni masista wa parokia, walinzi wa shule, na mtu mmoja aliyekuwa na msumeno wa injini na hakujali majina. Gracien, aliyekuwa akifundisha shule ya msingi, aliacha chaki akaingia mashimoni kuchimba kobalti na vijana waliotoka kila pembe ya nchi. Yuko huko mpaka leo. Abigaëlle aliacha masomo ya uuguzi mwaka 2020. Vidonge vilinunuliwa pale vilipowezekana, na mara nyingi havikuwezekana. Baba yao hakulalamika. Ni afadhali angelalamika. Mtu anayelalamika hutoa nafasi ya kujibiwa.

Tarehe 22 Septemba 2023, akiwa mezani pake, damu ilimpanda kichwani. Alipona, lakini mkono wa kulia haukurudi. Ulining'inia tu. Kwa majuma mawili alikaa kitandani akiutazama kama mgeni aliyekataa kuaga. Siku ya kumi na tano masista walileta mashine yao iliyokuwa ikikohoa, na Mama Laurentine akataka kuwarudisha.

"Acha iingie," alisema kutoka chumbani. "Mukono uko. Ni wako."

Ndivyo mke wake alivyojifunza kazi akiwa na miaka hamsini na saba. Mzee alikaa kwenye kiti, macho amefumba, na mama akapiga magoti kwenye simenti na bisibisi.

"Kushoto."

"Hivi?"

"Kidogo! Hii haiko ndizi unamenya. Rudisha."

"Unanitukana mbele ya masista?"

"Nyamaza, nisikie. Kulia... unywele moja... simama. Hapo. Unasikia inapumua?"

"Mi nasikia kelele tu."

"Utasikia."

Na kweli, mnamo Januari alikuwa anasikia. Alijua sasa kwamba injini ikiwa baridi inataka kufa, na kwamba mtu mwenye haraka huikaza ralanti ili isife. Na kwamba ile ile iliyokazwa kwenye baridi, ikishapata moto, itapanda yenyewe na kisu kitazunguka bila kuombwa. Katika miezi yetu ya Juni na Julai, ambapo asubuhi inauma na saa nne jua linachoma, hilo ndilo kosa la watu wa Kolwezi. Mzee alimwambia mara mia: ngoja dakika tano. Kila mara alipofika hapo aliacha kuongea, na mama alidhani ni uchovu.

Alhamisi ya juma lililopita, tarehe 12 Juni, damu ilimpanda tena. Hospitali ya kazi iko dakika kumi kutoka nyumbani. Walinzi walitafuta jina lake kwenye daftari, hawakuliona. Alipelekwa kituo kingine, na huko alifariki Jumapili, tarehe 15 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, mkono wake wa kushoto ukiwa ndani ya mkono wa mkewe. Alikuwa na miaka sitini na minne, miezi mitatu na siku kumi na mbili. Hesabu hiyo sasa ni ya kweli, tumeitoa Tenke.

Jumatano mchana, watu wakiwa wamekaa kwenye mikeka uani, Tata Muteba alifika msibani na shada la maua na karatasi iliyopigwa chapa. Alisalimia vizuri. Alimpa pole kila mtu.

"Mama, tulisaidia kidogo na maandishi," alisema. "Ni sentensi moja tu ya kuingiza: alistaafu kwa heshima mwaka 2017. Maneno ya zamani tuyaache. Ni nzuri kwa marehemu."

"Nzuri kwa marehemu, ao nzuri kwa weye?"

"Mama, siku ya msiba haiko siku ya kugombana."

"Sigombani. Naulizia. Alistaafu?"

Tata Muteba alitazama viatu vyake, akatazama saa, akasema ana mkutano. Shada aliliacha. Karatasi ilibaki juu ya kiti alichokalia.

Alipoondoka, mtu aliyekuwa amekaa nyuma karibu na kuni, peke yake tangu asubuhi, alisimama na mkongojo wake. Alikuwa Tata Mechack. Alikuja mpaka mbele ya mkeka wa mjane, akashindwa kupiga magoti kwa sababu ya mguu, akabaki amesimama.

"Mama. Ile visi. Mi ndiyo nilikaza."

Watu wa nyuma walisogea ili wasikie.

"Ile asubuhi baridi ilikuwa nauma," alisema. "Nawasha, inakufa. Nawasha, inakufa. Chef Muteba anapita, anasema, 'Bageni banafika saa tatu! Fanya isikufe, ao uende kwenu!' Ndiyo nilitoa kisu ya mufuko, nikakaza nusu. Niliona mustari mwekundu. Nilijua ni ya nani. Nikakata."

"Na bwana yangu alijua?" Mama Laurentine aliuliza.

"Alikuja ku hospitali siku ya pili, kabla ya kwenda ofisi. Nikamwambia yote. Akauliza, 'Ulisema ku mutu mwengine?' Nikasema hapana. Akasema, 'Basi funga kinywa. Bakijua ni mukono yako, batakutoa mu hii kitanda leo, na muguu itaoza. Mi jina yangu iko nguvu. Jina inapona.'"

Mama Laurentine hakulia. Alikunja kitenge chake juu ya magoti, akakikunjua.

"Miaka munane," alisema. "Miaka munane unapita mbele ya meza yake na ile mukongojo. Balikuwa banamuita Kata-Muguu. Ulikuwa unasikia?"

"Nilisikia, mama."

"Ukasema nini?"

"Nilinyamaza. Mara ya kwanza juu ya matunzo. Kiisha matunzo iliisha, nikanyamaza juu ya kuona haya."

"Na Alhamisi, wakati balimurudisha ku mulango wa ile hospitali, yenye ilikutunza weye, ulikuwa wapi?"

Tata Mechack aliuhamishia mkongojo mkono wa pili.

"Sasa unataka nikupe nini? Chai?"

Joyeuse alitaka kumshika mama yake mkono, mama akaukwepesha. Tata Mechack akasema hataki kitu. Anataka habari hiyo isomwe kaburini, na jina lake, na watu wote wakiwepo, na ofisi wasikie. Bado yuko kwao kazini; wakimfukuza, basi.

Mama Laurentine alimgeukia mpwa wa mumewe.

"Utaandika yote. Andika kwamba Muteba alimusukuma Mechack na kiisha akasaini juu ya mutu mwengine. Andika kama huyu alikaza, na kama alikuya mwenyewe kusema. Andika kama bwana yangu alimupa mutu mwengine daktari yetu, na hakuniuliza. Mi nilikuwa mukono yake, na hakuniambia. Hiyo nayo andika. Na andika kama sijasamehe, hata mumoja wa hawa batatu. Karatasi isiseme uongo."

Imeandikwa. Tata Mechack yuko hapa, upande wa kushoto, chini ya mti wa tatu. Tata Muteba alialikwa. Kiti chake ni kile kisicho na mtu.

Kwa hiyo na lisomwe wazi, mahali pa ile sentensi moja iliyopigwa chapa: Tata Ntambwe Godefroid hakustaafu. Alifukuzwa tarehe 31 Julai 2017 kwa kosa ambalo hakulifanya, alilolijua, na alilokubali kulibeba ili mguu wa mtu upone. Alikosea jambo moja. Alidhani jina linapona lenyewe kama ukucha. Halikupona. Alikufa nalo likiwa limekatwa, na linashonwa leo, mbele ya watu ambao baadhi yao walilipigia kelele kutoka juu ya pikipiki. Mnajijua.

Marehemu ameacha mjane, Mama Laurentine, watoto watatu, Gracien, Joyeuse na Abigaëlle, wajukuu wanne, dada yake Mama Elise, aliyeko Luanda, ambaye hakuweza kusafiri na anayesikiliza kwa simu wakati huu, na wapwa walio mbali, ambao walikuja mara chache na kuchelewa mara nyingi. Ameacha pia meza, bisibisi mbili na mashine saba za watu, ambazo wenyewe wataombwa waje kuzichukua nyumbani kuanzia Jumatatu. Zote ziko tayari. Nne kati yake zilimalizwa na mjane peke yake.

Majani ya njia hii mliyopita leo, Ijumaa tarehe 20 Juni, yalifyekwa asubuhi na Gracien, kwa mashine ya masista. Kulikuwa na baridi, na injini ilikufa mara mbili. Gracien alitaka kuikaza. Mama yake alimshika mkono, akasema, "Dakika tano," na watu waliobeba majembe wakasimama kwenye baridi wakingoja na kunung'unika. Ilipopata moto ilipumua vizuri. Gracien aliachia mafuta, na kisu kikasimama.

Wengine wenu mmeuliza ule mstari mwekundu kwenye jeneza ni wa nini, mkadhani fundi wa mbao alimwaga rangi. Jana jioni, kifuniko kilipokazwa, Mama Laurentine aliomba watu watoke. Alichukua kile kijiti chembamba akachora mstari mmoja, kuanzia juu ya kifuniko, ukavuka ufa, ukashuka ubavuni. Aliupuliza mpaka ukakauka. Alipotoka alisema tu kwamba sasa atajua.

Anaondoka sasa. Waliomleta watashika kamba, naye atateremka bila kelele, na sisi tutabaki huku juu na ile sentensi iliyopigwa chapa, pamoja na kiti kisicho na mtu.

Alale, Tata Godefroid, alivyowekwa na mkewe, na mkono wa mtu usimguse tena.